Mstari wa Dakika ya Themanini na Tisa

Mtunza daftari wa timu ya mji hakuwa mtu wa mpira. Watu hawakuliamini hilo, maana kwa miaka kumi na mbili hakukosa mechi hata moja ya nyumbani, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mpira wenyewe haukumhusu. Kilichomhusu ni kwamba mambo hutokea, na yakitokea lazima mtu ayaandike kabla waongo hawajafika.

Siku za kazi alikuwa karani wa mizani kwenye ghala la nafaka. Gunia likipandishwa na mshale ukasimama kwenye tisini na nusu, yeye aliandika tisini na nusu. Wapakiaji walimbembeleza, wenye mali walimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na msimamizi mmoja aliwahi kumwambia kwamba nusu kilo haijawahi kumuua mtu. Akamjibu, "Basi tuiache ilipo." Wakamwita Mama Nusu. Jina hilo likamfuata mpaka kiwanjani, na huko nako likamkaa kama limeshonwa na fundi wake.

Daftari la timu alirithishwa na mjomba wake, baada ya magoti ya mzee huyo kukataa kupanda na kushuka ngazi za jukwaa. Mjomba alimkabidhi kalamu ya wino, meza ya kukunja yenye mguu mmoja mfupi, na kanuni moja tu: "Andika kilichotokea. Kilichokuuma kaseme nyumbani."

Kwa kanuni hiyo kurasa zilijaa. "Dk. 14: mbwa ameingia kiwanjani upande wa mashariki. Dk. 16: ametoka." "Dk. 51: kiatu cha mwamuzi kimeachama." "Dk. 70: mvua. Dk. 71: hakuna mvua." Ungelisoma daftari zima usijue kama mwandishi aliwahi kulowa.

Asiye mtu wa viwanja inabidi aelezwe jambo moja, maana kisa chote kimening'inia hapo. Katika ligi ile kila mechi ina madaftari mawili, la wenyeji na la wageni. Waandishi hukaa kando ya mstari, meza na meza, hatua mbili kati yao. Mechi ikiisha huingia chumba cha chini ya jukwaa. Mwenyeji husoma mistari yake mmoja baada ya mwingine, na mgeni, kidole kikiwa kwenye daftari lake, hujibu "ipo". Maneno yanaweza kutofautiana, kila mtu na mkono wake. Mistari lazima ilingane, dakika kwa dakika. Mstari ukiwepo huku na kukosekana kule, chama cha soka kinafuta matokeo na mechi inarudiwa. Kanuni hiyo ilitungwa zamani, baada ya mabao kadhaa kuzaliwa njiani kati ya kiwanja na ofisi ya chama.

Mechi tunayoizungumzia ilikuwa ya mwisho wa msimu. Timu ya mji ikishinda ilipanda daraja kwa mara ya kwanza tangu iundwe. Ikitoka sare ilibaki ilipokuwa, yaani pabaya. Kwenye meza ya wageni alikaa fundi saa mmoja mkavu wa maneno, anayevaa saa ya kuhesabia sekunde shingoni kama wengine wanavyovaa tai. Walimwita Bwana Sekunde. Yeye na Mama Nusu walikuwa hawajasalimiana vizuri kwa miaka sita, tangu walipogombana kama bao fulani liliingia dakika ya arobaini na nne au ya arobaini na tano. Kila mmoja bado aliamini kwamba mwenzake anaficha dakika moja mahali fulani.

Dakika ya themanini na tisa namba tisa wa timu ya mji aliruka, akapiga kichwa, mpira ukaingia. Watu elfu tatu walipiga ukelele mmoja. Mama Nusu alitazama saa, akainama, akaanza kuandika: "Dk. 89: bao, namba". Hapo ndipo Mwenyekiti alipofika.

Mwenyekiti wa timu alikuwa mfyatua matofali, mtu mnene wa mwili na wa kicheko. Yeye ndiye aliyeezeka jukwaa upya, yeye ndiye aliyewanunulia wachezaji viatu, na kama kuna mtu mjini hakuwahi kupewa lifti kwenye gari lake, basi hakuwa na safari. Angekuwa mwovu mambo yangekuwa mepesi. Alishuka jukwaani mikono ikiwa imetanuka, akambusu katibu, akambusu mganga wa timu, akakibusu kibendera cha kona. Kisha akafika mezani. Kwa mkono mmoja alimshika Mama Nusu kidevu, kwa mwingine akamkamata shingo kwa nyuma, akambusu mdomoni. Kalamu iliburutwa kutoka kwenye neno "namba" mpaka ukingoni mwa karatasi. Mama Nusu alimsukuma kifua. Hakusogea. Akamsukuma tena, na hapo Mwenyekiti akamwachia akaendelea na furaha yake kwenye benchi la akiba.

Mama Nusu alifuta mdomo kwa kiganja. Halafu akamalizia: "tisa, kwa kichwa." Akateremka mstari, akaandika: "Dk. 89: Mwenyekiti wa wenyeji amemshika mtunza daftari kidevu na shingo, amembusu mdomoni." Akaweka nukta. Mwandiko ulisomeka.

Chini ya jukwaa alisoma mistari yote kwa sauti yake ile ile ya mizani. Alipofika kwenye ule, aliusoma kama alivyowahi kumsoma mbwa. Bwana Sekunde alishusha kidole kwenye daftari lake. Nje watu walikuwa wakigonga makopo.

"Ipo," akasema.

Wakatia saini. Bwana Sekunde alifunga daftari, akasimama, akasema, "Kwaheri, mama." Ilikuwa kwaheri ya kwanza katika miaka sita, na Mama Nusu hakujua aitie wapi.

Mume wake alikuwa kinyozi, na siku ile alikuwa jukwaani kama wanaume wengine wote wenye miguu. Alirudi nyumbani sauti imemkauka. Mkewe alimweleza lililotokea, kwa maneno yale yale ya daftari, bila kuongeza.

"Aa, mke wangu," kinyozi alisema. "Ile ilikuwa furaha. Mtu akifurahi vile hajui anafanya nini."

"Wewe ulifurahi?"

"Mimi? Nilikaribia kuzimia."

"Ukambusu nani?"

Kinyozi alifikiri. "Sikumbusu mtu."

"Nani alikuwa kushoto kwako?"

"Dereva wa trekta."

"Mbona hukumbusu?"

"Yule? Angenivunja taya."

"Kwa hiyo ulijua unafanya nini," akasema mkewe, akaenda kunawa uso mara ya nne.

Kinyozi hakuwa mjinga, ila alikuwa shabiki, na mambo hayo mawili hayakai kichwa kimoja siku ya Jumamosi. Alimfuata mpaka mlangoni akamwambia hakuona chochote, alikuwa anamtazama mfungaji. Mama Nusu alisema anajua. Wote elfu tatu walikuwa wanamtazama mfungaji.

Kesho yake akaja katibu wa timu, mtu wa makamo mwenye mkoba na haraka. Alikaa ukingoni mwa kiti.

"Dada yangu," alisema, "timu nzima tunakuheshimu. Tunaomba kitu kidogo. Ule ukurasa una mchirizi wa wino, haupendezi. Uandike upya, safi. Na ule mstari mmoja, basi, upitiwe tu."

"Upitiwe na nani?"

"Na usahaulifu."

"Wa kwangu naweza kuufuta," Mama Nusu alisema. "Wa Bwana Sekunde je?"

Katibu alikuwa hajalifikiria hilo. Alionekana akilifikiria sasa, hatua kwa hatua, mpaka likamfikia miguuni. Mistari ikipishana, matokeo yanafutwa. Matokeo yakifutwa, mechi inarudiwa, na namba tisa alikuwa amekwishateguka kifundo cha mguu katika kushangilia.

"Usiguse kitu," alisema, akasimama. "Daftari liko wapi? Liko salama? Panya hakuna?"

Ikawa ajabu ya mji. Watu waliomsonya Mama Nusu barabarani kwa sababu ya mstari ule ndio hao hao waliopita nyumbani kwake kuuliza kama daftari limefungiwa. Viongozi wa timu ya wageni, walionusa harufu ya mechi ya marudio, waliandika barua kwa chama wakidai daftari la wenyeji limechezewa. Mchirizi ule, walisema, ni dalili. Chama kikaitaka kamati ya timu ya mji ithibitishe. Kamati ilikutana mchana, ikajadiliana dakika tano, ikaandika: "Tunathibitisha kwamba kila mstari katika daftari hili, wa kwanza hadi wa mwisho, ni wa kweli." Mwenyekiti ndiye aliyetia saini. Hakusita. Kumbusu alimbusu, alisema, na angekuwepo kuku pale angembusu kuku.

Mama Nusu naye alikuwa ameandika barua yake kwa chama, akiuliza ule mstari wake utashughulikiwa na nani. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili: kumbusu mtu mdomoni si tukio la mchezo; aende polisi. Akaenda polisi. Sajini wa kaunta, mtu mpole aliyechoka, alimsikiliza mpaka mwisho akauliza lilitokea wapi.

"Kiwanjani."

"Basi hilo ni la chama cha soka, mama."

Mama Nusu alimwekea barua ya chama juu ya kaunta. Sajini aliisoma, akaigeuza kutazama nyuma kama kuna msaada, akatoa fomu.

"Nikwambie ukweli," alisema. "Hili jambo linanitatiza. Mwizi namjua. Mpigaji namjua. Sasa huyu alikuwa anashangilia. Tukianza kukamata watu kwa kushangilia, selo zitajaa kila Jumamosi."

"Zijaze mara moja tu. Jumamosi ya pili watakuwa wamejifunza kushika mikono yao."

"Lakini jela, mama? Kwa busu?"

"Mimi sijasema jela. Mimi nimesema kilichotokea. Kinaitwaje, ni kazi yenu nyinyi."

Sajini aliandika. Tarehe, saa, mahali. Alishika kidevu kwa mkono gani. Kisha akaja kwenye swali lenyewe.

"Ulikataa?"

"Nilimsukuma. Mara mbili."

"Atasema alidhani unayumba, au unacheza. Ulisema kitu? Ulimwambia acha?"

Swali hilo Mama Nusu alikuwa amejiuliza mwenyewe. Lilikuwa ndilo jambo lililomkosesha usingizi tangu siku ile. Alijua alitaka kusema. Alikumbuka neno likipanda kooni. Kama lilitoka au lilifia ndani, hakujua, kwa sababu katika kelele zile hata angepiga yowe asingejisikia mwenyewe. Usiku alilala akijaribu kuikumbuka sauti yake, na hakuipata.

"Sijui," alisema.

"Hujui?"

"Sijui kama sauti ilitoka."

Sajini aliweka kalamu chini. "Mama. Hapa watu wote huwa wanajua. Mimi nikiuliza ulisema kitu, mtu ananiambia alisema hotuba."

"Andika sijui."

"Unajua unanipa kesi yenye shimo katikati?"

"Nakupa ilivyo," alisema Mama Nusu, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile machozi yakamlenga. Aliyaacha yalenge. Sajini aliandika "hajui", akageuza ukurasa bila kumtazama.

Mji ukagawanyika, na kitovu cha mgawanyiko kikawa kinyozini. Wateja walikaa kwenye benchi wakimjadili mke wa kinyozi huku kinyozi mwenyewe anawanyoa. Mmoja alisema furaha haina breki. Mwingine akasema akina mama wenyewe siku hizi wamezidi, busu la hadharani mbele ya watu elfu tatu lina ubaya gani, lingekuwa la gizani sawa. Wa tatu akasema faini ingetosha, polisi ya nini. Wa nne, fundi wa mabomba asiyesema sana, akasema dada yake ni mwamuzi wa pembeni, na huwa anavaa jezi mbili wakati wa joto, na kwamba hajawahi kumuuliza kwa nini.

"Lakini Mwenyekiti alibusu hata kibendera cha kona," akasema yule wa breki. "Mbona hakikushtaki?"

Kinyozi alikuwa na kichwa cha bwana huyo mkononi, nusu kimenyolewa. Alizima mashine. "Kwa hiyo mke wangu na kibendera ni kitu kimoja?"

"Sijasema hivyo, kaka."

"Umesema. Nimekusikia mimi na huyu na huyu." Akamvua kitambaa, akamwambia kazi ya leo imeisha. Yule bwana alitembea wiki nzima na kofia. Ilikuwa kidogo, lakini kinyozi hakuwa amefanya hata kidogo kabla ya hapo.

Mwenyekiti alikuja mara moja nyumbani, na jezi ya namba tisa iliyosainiwa na wachezaji wote. Alisimama mlangoni, mkubwa, mwenye haya, akasema anaomba radhi kama kuna mtu aliumia.

"Kama?" Mama Nusu aliuliza.

"Mama, mimi sina nia mbaya na mtu. Muulize yeyote."

"Nakubali. Mimi uliniuliza?"

Mwenyekiti aliikunja jezi mkononi. Kwa haki tumpe hili: alionekana kweli hajui jibu. Alikuwa ameishi miaka hamsini na sita akidhani kila mtu anafurahi pale yeye anapofurahi, na hakuna aliyewahi kumwambia vingine, kwa sababu ndiye mwenye gari. Akaondoka na jezi yake.

Kesi ilisikilizwa katika chumba chenye feni moja isiyozunguka. Hakimu alikuwa mwanamke wa miwani, anayeandika mwenyewe kila neno, na Mama Nusu alimheshimu papo hapo. Mwenyekiti hakukana busu. Barua ya kamati yenye saini yake ilikuwa mezani, na kuikana ingekuwa kukana kupanda daraja. Wakili wake akapita mlango uliobaki wazi.

"Daftari hili ni la kweli, kila mstari," alisema. "Tunakubali. Linaandika bao. Linaandika mpaka mbwa. Sasa, mama, nionyeshe mahali ulipoandika kwamba ulikataa."

"Hakuna."

"Uliandika kidevu. Uliandika shingo. Kukataa hukuandika?"

"Kukataa kulikuwa kwangu mimi. Mjomba alinifundisha niandike kilichotokea, si kilichoniuma."

Watu nyuma walicheka. Wakili aliwasubiri wamalize.

"Na polisi ulisema hujui kama ulitamka neno lolote. Leo unajua?"

Angeweza kusema ndiyo. Sajini, aliyekaa pembeni, alikuwa akimtazama kwa macho yanayomwomba aseme ndiyo. Mumewe, benchi la tatu, aliinamisha kichwa. Nani angempinga? Mwenyekiti mwenyewe asingekumbuka. Neno moja tu, jepesi kuliko nusu kilo.

"Sijui," alisema.

Wakili alikaa, ameridhika. Mama Nusu alirudi kwenye benchi. Aliona wazi kwamba amejifunga goli mwenyewe, na kwamba jioni hiyo mji mzima utakuwa ukisema: mnaona, hata yeye hakukataa. Na labda walikuwa sahihi. Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote, kwamba labda walikuwa sahihi.

Bwana Sekunde aliitwa mwisho, kwa kazi ya kukamilisha tu: athibitishe kwamba mistari ya madaftari mawili inalingana. Alipanda na daftari lake chini ya kwapa na saa yake shingoni. Hakimu alimwambia asome dakika ya themanini na tisa. Kwa kawaida ya kazi yao, mgeni hujibu "ipo" na basi. Maneno yake hakuna anayeyasikia mpaka patokee ugomvi. Mama Nusu hakuwahi kuyasikia.

Bwana Sekunde alisogeza kidole, akasoma.

"Dakika ya themanini na tisa: bao la wenyeji, namba tisa, kwa kichwa." Akageuza macho mstari wa pili. "Dakika ya themanini na tisa: daftari la wenyeji limesimama kwa sekunde kumi na moja. Sababu: Mwenyekiti wa wenyeji amemshika mwandishi kwa mikono miwili na kumbusu mdomoni. Mwandishi amesema 'niache', akasukuma. Hakuachwa. Amesema 'niache' mara ya pili, akasukuma. Ameachwa."

Wakili alikuwa amesimama kabla hajamaliza.

"Watu elfu tatu walikuwa wakipiga kelele. Wewe ulisikiaje neno moja?"

"Nilikuwa hatua mbili. Na sisi tulikuwa tumefungwa, sikuwa na cha kushangilia," Bwana Sekunde alisema. "Nilikuwa nasikiliza."

"Una kinyongo na timu hii."

"Ninacho. Lile bao lilikuwa la kuotea." Alifunga daftari. "Lakini nimeandika bao."

Hakimu aliandika yote hayo, taratibu. Mwenyekiti alikuwa ameinamia mikono yake, anaitazama kama ni ya mtu aliyemwazima. Kisha akanyanyua uso, na kicheko kilikuwa kimemtoka kabisa.

"Mheshimiwa," alisema, "mimi sikusikia."

"Ndiyo maana tuko hapa," hakimu alijibu.

Alimtia hatiani. Kifungo cha nje, miezi sita, na katika muda huo asikanyage kiwanja chochote cha mpira. Nusu ya mji ilisema ni mno, nusu nyingine ikasema ni kidogo, na mpaka leo hawajapatana. Mechi ya kwanza ya daraja la juu Mwenyekiti aliisikiliza akiwa barabarani nyuma ya ukuta, amekaa kwenye bampa la gari lake, akiuliza wapita njia nani kafunga.

Lakini siku ile ya kesi Mama Nusu hakusubiri pongezi. Alimkuta Bwana Sekunde kwenye ngazi za nje, anaikagua saa yake kama mahakama imeichelewesha.

"Mbona hukuniambia?" aliuliza.

"Hukuuliza. Wewe ulisoma, mimi nikajibu ipo."

"Nilisema kweli? Kwa sauti?"

Bwana Sekunde alikunja uso, kidogo kama ameudhika. "Mama, mimi siandiki nisichokisikia. Ulisema. Ya pili ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza."

Alimshukuru. Alitaka kuongeza kitu kuhusu lile bao la miaka sita iliyopita, kwamba huenda kweli ilikuwa arobaini na tano, ila haikuwa kweli, kwa hiyo hakuongeza.

Alitembea mpaka kinyozini. Mumewe alikuwa amemtangulia kwa njia ya mkato, na tayari alikuwa anafagia nywele ambazo hazikuwepo. Hapakuwa na mteja. Mama Nusu aliufunga mlango, akakaa kwenye kiti kile kikubwa mbele ya kioo.

"Nilisema," alimwambia. "Mara mbili."

"Nimesikia." Kinyozi aliegesha ufagio ukutani. "Siku ile mimi nilikuwa namtazama mfungaji."

"Najua."

Akavuta kibenchi cha wateja, akakaa mbele yake, magoti kwa magoti, na safari hii hakumtazama mtu mwingine. Na Mama Nusu, aliyekuwa ameandika kila kitu kwa miaka kumi na mbili, alianza kumweleza kilichomuuma.